Bi Mara Mbili Anakiaga Chumba cha Magodoro

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Idara ya Upimaji wa Kiingereza itapoteza sauti yake. Mwenzetu tunayemwita Bi Mara Mbili anastaafu. Ndiye aliyewasomea watahiniwa wa sekondari mtihani wa kusikiliza, na ndiye aliyetunga, kutungua na kutupa kapuni maswali ya mtihani wa kusoma. Kama ulikaa kwenye dawati la sekondari wakati wowote katika miaka hiyo, umeshamsikia, na huenda mpaka leo ukimsikia tu mkono wako unatafuta penseli.

Jina lake halikutoka mbali. Kila kifungu cha kusikiliza husomwa mara mbili, na kazi hii ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Mumewe, fundi cherehani anayemshonea mpaka leo, anasimulia kwamba siku alipomposa, Bi alikaa kimya akimtazama. Maskini akadhani amekataliwa. Akainuka, akachukua kofia yake, akaelekea mlangoni.

"Sasa unakwenda wapi?" Bi akamuuliza. "Mbona hujarudia?"

Akarudia. Akakubaliwa.

Hapa kwetu hakuja kuomba kazi. Alikuja kugomba. Wakati huo alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na msomaji wa mtihani alikuwa mzee mmoja mpole aliyekuwa amewekewa meno ya bandia yasiyomkaa sawasawa. Kila alipofika kwenye herufi ya S alipiga mluzi kama birika, na mluzi ule ulimeza neno zima. Katika Kiingereza neno la meli na neno la kondoo hutofautiana kidogo sana, na mluzi wa mzee ulikifuta hata hicho kidogo. Darasa zima la Bi liliandika kwamba mabaharia walipanda kondoo wakavuka bahari.

Alimkuta mkuu wa idara mlangoni mwa ofisi yake. Mkuu huyo, ambaye sasa naye ni mstaafu, aliupenda mwongozo wa kusahihisha kuliko mtu anavyoupenda mto wake wa kulalia, ndiyo maana tulimwita Mzee Mwongozo.

"Ni mabaharia gani hawa wanaovuka bahari juu ya kondoo?" Bi alimwuliza.

"Kama unaona ni rahisi, kasome wewe," Mzee Mwongozo alijibu, akidhani amemaliza maneno.

Bi akaweka mkoba chini, akachukua karatasi, akasoma palepale ukumbini, wima. Wapiga chapa wakaacha kupiga chapa. Tarishi akasimama na chai za watu mkononi mpaka zikapoa. Hata mzee wa meno alitoka chumbani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Alhamdulillahi. Mimi haya meno yananiua." Mwezi uliofuata Bi alianza kazi, na mzee wa meno akahamia masjala, ambako hakuna anayesoma kwa sauti.

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo. Fundi Mitambo wetu alikibandika magodoro makuukuu ukutani na trei za mayai darini ili sauti isirukeruke. Feni ilizimwa kwa sababu ilivuma. Viatu vilivuliwa kwa sababu vililia. Humo ndani Bi alisoma habari za theluji, za bahari ya barafu na za watu waliotetemeka kwa baridi, huku jasho likimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Siku moja alipokuwa akisoma habari ya ajali ya ndege, tumbo lake lilinguruma katikati ya sentensi, kwa kirefu na kwa hisia. Fundi Mitambo akavua visikizio.

"Dada, na hilo nalo limo kwenye kifungu?"

Tangu siku hiyo maharage yalipigwa marufuku siku za kurekodi, kwa Bi na kwa Fundi Mitambo pia. Sababu za kumjumuisha Fundi Mitambo hatutaziandika kwenye jarida linalosomwa na familia.

Upande wa mtihani wa kusoma ndiko nilikomfahamu vizuri, maana vifungu vingi niliviandika mimi, na meza zetu zilitazamana. Sijapata kuona mtu anayechukia swali baya kama yeye. Alikuwa na msemo kwamba swali linalojibika bila kusoma kifungu linapima bahati, na bahati haina haja ya kupimwa. Basi mwaka mmoja tulipomaliza karatasi tuliyojivunia sana, Bi aliyachukua maswali yake ya kuchagua akaenda kumjaribia mama mkwe wake, bibi asiyejua neno hata moja la Kiingereza, na macho yake yenyewe ni ya kubahatisha. Bibi akapitisha kidole kwenye karatasi kama anayechambua mchele, akachagua majibu yake. Akafaulu. Alifaulu kwa alama ambazo zingempeleka kidato cha juu.

"Mama, umejuaje?" Bi akamuuliza.

"Mwanangu, si unaona lenyewe? Hili refu ndilo mwalimu kalihangaikia. Haya mafupi kayaandika kachoka."

Kesho yake asubuhi Bi aliingia ofisini akaiweka karatasi mezani kwangu bila salamu. Tulikaa tukapima majibu kwa rula. Ilikuwa kweli: jibu sahihi ndilo lililokuwa refu karibu kila mahali. Karatasi nzima ikavunjwa, tukaanza upya, na kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna swali lililotoka katika idara hii kabla halijapita kwa bibi. Tulipokuwa tukibishana, mtu alikuwa akiuliza tu, "Je, bibi amefeli?" Bibi akifeli, tunachapa.

Jambo lingine alilolileta ni ubishi wa kwenda kusikia mwenyewe. Alisema haiwezekani mtu apike jikoni miaka yote asiwahi kula mezani. Akaenda shule moja siku ya jaribio, akakaa dawati la mwisho kabisa nyuma. Redio ilikuwa mbele, ndogo kama kibiriti. Paa lilikuwa la bati. Mvua ikanyesha. Bi alisikiliza sauti yake mwenyewe kwa makini yote, na alipomaliza alikuwa hajapata hata swali moja, na maswali alikuwa ameyatunga yeye. Alitaka kuinuka aende kumfokea mtu, ndipo ilipojulikana kwamba dawati lilitengenezwa kwa nyonga za kidato cha pili. Seremala wa shule aliitwa na msumeno. Darasa, lililokuwa limeambiwa likae kimya, lilikaa kimya kwa shida ambayo Bi anasema ataikumbuka mpaka kaburini. Lakini tangu mwaka huo kuna kanuni: mvua ikinyesha mtihani unasubiri, na nyuma ya darasa lazima pawe na spika. Kanuni hiyo imewaokoa wengi, na dawati lile limelipwa.

Sasa tufike kwa jogoo.

Mlinzi wetu alifuga jogoo nyuma ya jengo. Jogoo huyo hakuwa na saa maalumu, aliwika alipojisikia. Sisi tulimzoea mpaka masikio yetu yakaacha kumsikia. Mwaka huo kifungu kilikuwa cha msafiri anayefika nyumba ya ugenini. Bi alisoma vizuri sana: msafiri akafika mlangoni, na ghafla... Hapo alivuta pumzi kidogo, kwa utamu wa kusimulia. Katika pumzi ile, jogoo akawika. Kisha Bi akaendelea: mbwa akabweka. Fundi Mitambo hakusikia kitu. Kamati ya kuhakiki ilisikiliza kanda ile, ikaisifu, haikusikia kitu. Kanda ikaenda shule zote.

Kwenye ukumbi wa kusahihisha ndipo mambo yalipoanza kunuka. Mnyama gani alimpokea msafiri? Mwongozo ulisema mbwa. Watoto wameandika jogoo. Bahasha hii jogoo, bahasha ile jogoo. Mmoja aliandika, "Mbwa na jogoo, ila jogoo ndiye aliyewahi." Mwingine akaandika, "Jogoo, lakini msomaji hakumwona." Na mabaya yalikuwa hayajaisha. Msafiri alifika wakati gani? Jibu lilikuwa jioni, lakini anayesikia jogoo atasema alfajiri, na ana haki. Kwa nini mwenye nyumba alinuna? Kwa sababu ameamshwa, watoto waliandika. Jogoo mmoja alikuwa amedonoa alama za kifungu kizima, na aliwadonoa zaidi wale waliosikiliza vizuri zaidi. Kwa mtoto aliyekaa kwenye mstari wa kufaulu na kufeli, alama hizo ndizo zilizoamua kama mwakani atakuwa shuleni au nyumbani.

Mzee Mwongozo alisimama mbele akasema, "Mwongozo ni mwongozo. Jogoo ni sifuri."

Bi alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Sauti ilikuwa yake, na kanda aliipitisha yeye. Akainuka, akaenda kuchukua redio, akaiweka mezani mbele ya ukumbi.

"Ukiipiga kanda hiyo hapa," Mzee Mwongozo akamwambia kwa sauti ya chini, "kosa litakuwa na mwenyewe, na mwenyewe utakuwa wewe."

"Basi niandikeni mimi, Mzee. Watoto tuliwaambia wasikilize, wakasikiliza. Viziwi tulikuwa sisi."

Akabonyeza. Ukumbi mzima ukainamisha kichwa. Msafiri akafika mlangoni, na ghafla... Kokorikooo! Watu wakashika mbavu. Na kabla kicheko hakijatulia, jogoo mwenyewe, mzima wa afya, akasikia mwenzake, akamjibu kutoka nyuma ya jengo kwa sauti iliyotikisa madirisha.

Mzee Mwongozo alikaa chini. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akafungua mwongozo wake mpendwa, na kwa mkono wake mwenyewe akaongeza maneno mawili: au jogoo. Kisha akaongeza alfajiri. Kisha, akiguna, akaongeza kuamshwa. Bahasha zote zikafunguliwa upya, na hakuna mtoto aliyepoteza alama kwa kuwa na masikio.

Bi hakusalimika. Alipewa onyo, na mwaka uliofuata aliondolewa chumba cha kurekodia. Hakulalamika hadharani, ila mimi niliyekaa mbele yake nilimwona akiwasikiliza watu wakisoma ripoti vikaoni huku midomo yake ikienda pamoja nao, taratibu, kama mtu mwenye njaa anayetazama wenzake wakila. Mtihani aliusoma Mzee Mwongozo mwenyewe. Alisoma kwa usahihi mtupu, kila neno urefu mmoja, kila sentensi uzito mmoja. Taarifa zikaanza kuingia kutoka shuleni: watahiniwa wanasinzia, wasimamizi wanasinzia, shule moja mkuu wa shule alikutwa amelalia spika. Asubuhi moja Mzee Mwongozo akaja mezani kwa Bi, mikono nyuma.

"Bi, rudi chumbani. Nimempigia mke wangu kanda yangu nyumbani. Naye amelala."

Akarudi siku hiyohiyo. Mlinzi aliombwa amhamishe jogoo. Aliahidi. Jogoo alizeeka palepale.

Umaarufu wa sauti yake una gharama. Kwenye duka la dawa, alipoomba vidonge vya kichwa, mfamasia kijana alitokwa na jasho na kumwomba radhi kabla hajamkosea. Kwake nyumbani mambo ni kinyume. Kitinda mimba wake alipofanya jaribio shuleni kwa kanda za zamani, alifaulu kila kitu isipokuwa kusikiliza. Alipohojiwa alieleza kwamba sauti ile ndiyo inayomwamuru aoshe vyombo tangu utotoni, na ana uzoefu mkubwa wa kutoisikia. Bi alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akamfundisha mwanawe kusikiliza kwa kumpa kanda za mzee wa meno. Aliyeelewa mluzi ule ataelewa chochote.

Jumanne iliyopita alirekodi kifungu chake cha mwisho. Binti anayempokea alikaa pembeni kimya, viatu mkononi. Bi alisoma mpaka nukta ya mwisho, na baada ya hapo Fundi Mitambo, ambaye kwa kawaida hukata papo hapo, aliiacha mashine ikaendelea kuzunguka. Tuliokuwa nje tulidhani mashine imeharibika. Hakuna aliyekuwa tayari kuizima, basi. Mwishowe Bi mwenyewe alinyoosha mkono akabonyeza kitufe, akafuta macho kwa upindo wa mtandio, akasema ni jasho, na kwa joto la chumba kile hakuna aliyeweza kumbishia.

Nilimuuliza atafanya nini sasa. Nilitegemea aseme kulima, au wajukuu.

"Nataka mtu anisimulie hadithi," akasema, "niisikilize mpaka mwisho, halafu asiniulize kitu."

Dada yetu, asante kwa watoto uliowasomea na kwa wale uliowapigania bila wao kujua. Asante kwa kutufundisha kwamba kabla ya kumpima mtu sikio, ni adabu kusafisha la kwako. Pumzika na fundi wako, mama mkwe wako na hao wajukuu, mle maharage siku mnayotaka. Mungu akupe afya, majirani watulivu, na hadithi nyingi zisizo na maswali.