Jescah Nabalayo Muthama (1983–2025), Mhandisi wa Vioo Vyenye Mwanga

Leo Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025, tumefika hapa Masii, nyumbani kwa kina mume wake, kumsindikiza Jescah Nabalayo Muthama. Wasifu huu umeandikwa na familia, na unasomwa na mdogo wake, Elsie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1983 katika hospitali ya Pumwani, Nairobi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa hayati Mzee Laban Opicho na Mama Rispa Nasambu, waliotoka Kimilili. Mzee Opicho alikuwa mkata vioo katika kiwanda kimoja cha Baba Dogo, na familia iliishi katika chumba kilichokuwa nyuma ya kiwanda hicho. Watoto walikatazwa kutembea pekupeku. Jescah peke yake ndiye aliyetii. Ndugu zake watatu wana makovu nyayoni hadi leo, akiwemo anayesoma wasifu huu.

Alisoma shule ya msingi Baba Dogo kuanzia mwaka 1990 hadi 1997, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana kule Kimilili, alikomaliza mwaka 2001. Katika fizikia alifaulu vizuri sana. Alipata diploma ya elektroniki mwaka 2006, na baada ya miaka mingi ya masomo ya jioni akapata shahada ya uhandisi wa umeme mwaka 2014.

Mume wake, Boniface Muthama, ni mchonga vinyago. Walikutana mwaka 2009, Muthama alipopeleka nyumbani kwa kina Jescah fremu ya kioo cha ukutani ambayo Mzee Opicho alikuwa ameiagiza. Jescah aliitazama akasema, "Kaka, fremu yako imepinda." Muthama akajibu, "Dada, ukuta wenu ndio umepinda." Walipima. Ukuta ndio uliokuwa umepinda. Walifunga ndoa kanisani tarehe 11 Desemba 2010, wakahamia Umoja, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kavinya na Maingi.

Mwaka 2017 aliajiriwa katika karakana ya Bwana Ndung'u, Baba Dogo. Huko walitengeneza vioo vya dirisha vyenye taa ndani yake. Taa hizo ni za LED, ndogo kuliko chembe ya chumvi, maelfu kwa maelfu, zimepangwa juu ya kioo kiasi kwamba zikizimwa huoni kitu ila dirisha. Zikiwashwa, dirisha lenyewe linaonyesha maandishi. Kazi ya Jescah ilikuwa kusanifu mpangilio wa taa hizo na njia za umeme wake.

Yafuatayo aliagiza mwenyewe yasomwe leo bila kupunguzwa.

Mnamo Januari 2021, karakana iliweka kioo cha namna hiyo katika zahanati moja ya Dandora, ili wagonjwa wanaosubiri nje waone namba zao. Jua la mchana lilifanya namba zififie, na wagonjwa wakalalamika. Jescah aliongeza umeme. Namba zikaonekana vizuri. Lakini kioo kilipata moto katikati, huku kingo zake, zilizofichwa ndani ya fremu, zikibaki baridi. Tarehe 23 Februari kilipasuka. Kipande kilimkata mkono wa kulia mama mmoja aitwaye Triza, ambaye riziki yake ilikuwa kuchambua plastiki kutoka jaa la Dandora. Mtoto aliyekuwa amempakata hakuumia.

Bwana Ndung'u alimwita Jescah ofisini.

"Mama Kavinya, andika kwamba ni jiwe. Dandora mawe hurushwa kila siku."

"Hakukuwa na jiwe, Bwana Ndung'u. Mimi ndiye niliyeongeza umeme."

"Ripoti hiyo itatufungia milango."

"Basi tufungiwe."

Aliiandika ripoti jinsi mambo yalivyokuwa, akatia sahihi. Zahanati iliondoa kioo, na wateja wengine wawili wakajitoa. Bwana Ndung'u, ambaye yuko nasi hapa leo na ameturuhusu kuyasoma haya, hakumfukuza, ila hakusema naye hadi mwezi wa Mei.

Kwa Jumamosi saba mfululizo, mkono wa Triza ulipokuwa ukipona, Jescah alienda Dandora kuchambua plastiki kwa niaba yake. Triza alikaa kando akimwelekeza. Alitueleza kwamba injinia huyo alikuwa mvivu wa kuinama lakini hakukosa hata siku moja. Siku moja alimwambia, "Injinia, nyinyi mnapima kama kioo kinaonekana kutoka mbali. Sisi ndio tunaokiegemea."

Kuanzia hapo Jescah alianza kuviegemea vioo vyake. Alikaa juani mchana kutwa nje ya karakana, mgongo kwenye kioo kilichowashwa, akiandika. Kipimajoto cha karakana kilipoharibika, alipaka mafuta ya kupikia ya kuganda hapa na pale juu ya kioo, akatazama ni wapi yanayeyuka kwanza. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao wakati huo, aliuliza jioni moja, "Mwanangu, mafuta ya chapati yako wapi?" Akajibiwa, "Mama, yamekwenda kazini."

Aligundua kwamba mwanga mwingi haukuwa ukitoka. Ulinaswa ndani ya kioo, ukageuka joto. Alibuni kuta ndogo mno, zinazong'aa, kuzunguka kila taa, ili mwanga uelekezwe mbele kwa mtazamaji. Hivyo umeme ukapunguzwa kufikia nusu, na namba zikang'aa kuliko awali. Nyaya nyembamba za shaba akazitandaza zisambaze joto sawasawa hadi kingoni. Ilimchukua miaka miwili na vioo thelathini na kimoja vilivyoharibika. Kioo kipya kiliwekwa katika zahanati ileile tarehe 6 Machi 2023. Triza alipoalikwa kuja kukiona, alikiona, akakisifu, kisha akaketi upande wa pili wa ua, mbali nacho. Jescah hakumshurutisha. Kioo hicho kingali kinafanya kazi, na karakana imeshaweka vingine kumi na vinne.

Novemba 2023 iligunduliwa kuwa figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Kwa karibu miaka miwili alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alibeba michoro yake hospitalini, na wauguzi walimzoea hivyo. Mwezi wa Septemba mwaka huu alidhoofika, akaomba arudi nyumbani.

Jumanne tarehe 7 Oktoba, saa nane mchana, alimwuliza mume wake kama Maingi amekula.

"Amekula," Muthama akasema.

"Amekula nini?"

Muthama hakujua. Alikwenda jikoni kuuliza. Jibu lilikuwa wali kwa ndengu. Aliporudi nalo, Jescah alikuwa amekwisha kutuacha.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Ameacha mume wake, Boniface Muthama. Watoto wake, Kavinya wa kidato cha pili na Maingi wa gredi ya tano. Mama mkwe wake. Kaka zake wawili na mdogo wake Elsie. Na mama yake mzazi, Mama Rispa, ambaye marehemu alituagiza tumtafutie kiti chenye mgongo siku ya leo, kwa sababu magoti yanamsumbua na yeye hawezi kuomba mwenyewe. Kiti kimepatikana, na mama ameketi.

Mungu ampokee Jescah, ampe amani na mapumziko.