Mkono Uliobaki Pichani

Mheshimiwa uliyekaa mbele yetu, majirani, wafanyakazi wenzake, ndugu wa damu na wa mtaa: mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na leo nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Naogopa. Wenye kipeperushi mkononi mtagundua kwamba ninayoyasoma ni marefu kuliko yaliyochapwa. Naomba mnivumilie.

Kaka yetu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Brashi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni alikofanya kazi baba. Alikuwa wa pili kati yetu watatu, baada ya Kaka Mkubwa. Akiwa na miaka sita alimchora mama kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, ukuta uliopakwa chokaa asubuhi ileile. Mama aliporudi, Kaka Mkubwa alijitokeza akasema, "Ni mimi." Akachapwa yeye, ingawa kila mtu alijua kwamba Kaka Mkubwa hawezi kuchora hata yai. Picha yenyewe mama hakuifuta mpaka tulipohama.

Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1975. Baba alikuwa ameshapunguzwa kazini, kwa hiyo marehemu akawa anachora vichwa kwenye milango ya vinyozi. Ndipo Mheshimiwa, wakati huo mfanyabiashara wa mbao, alipokuja kunyolewa akasimama mbele ya mlango mmoja.

"Unaweza kunichora na mimi hivi?"

"Naweza, bosi, ila nywele zako zimepungua."

"Ndiyo maana nataka unichore wewe."

Walicheka wote wawili. Mheshimiwa akamlipia chuo cha sanaa, kuanzia 1977 hadi 1979. Kwa hilo familia inashukuru, na hatusemi hivyo kwa kujipendekeza. Huko chuoni mwalimu wake aliwafundisha kwamba tangu zama za wafalme, picha nyingi nzuri zimelipiwa na watu waliotaka kuonekana wazuri kuliko walivyo, na kwamba mchoraji mwenye njaa lazima ajue mfalme wake anapenda kutazamwa upande gani. Daftari lake ninalo. Pembeni ameandika: "Wangu, kushoto." Picha zote za Mheshimiwa mnazozijua zimechorwa kutoka kushoto.

Kuanzia 1980, Mheshimiwa alipoingia uongozini, marehemu aliajiriwa na halmashauri. Alichora mabango ya uchaguzi, kuta za zahanati, na mwaka 1998 akamaliza ile picha kubwa ya ukumbini: Mheshimiwa katikati, na wajumbe kumi na wawili wa kamati wamemzunguka. Kaka Mkubwa alikuwa katibu wa kamati. Alisimama wa tatu kutoka kulia, mkono wake juu ya kiti cha mweka hazina.

Kisha ikaanza kazi nyingine, isiyoandikwa kwenye mkataba. Mjumbe akikosana na Mheshimiwa, marehemu aliitwa aje na ngazi yake, na pale aliposimama mjumbe akachora chungu cha maua. Kufikia 2008 vyungu vilikuwa vinne. Watoto wa shule waliotembelea ukumbi waliuliza mbona kamati ina maua mengi hivi. Nawajua, walikuwa wanafunzi wangu. Niliwaambia watembee kimya.

Mwezi Juni 2009 Kaka Mkubwa aliuliza kikaoni kwa nini wodi ya wazazi inavuja wakati ukumbi umeezekwa upya. Swali moja tu. Ijumaa hakuwa na kazi. Jumatatu hakuwa mjini, na sisi tukashauriwa tusimtafute. Jumatano marehemu akaitwa aje na ngazi. Alipitia kwangu akiwa na makopo yake ya rangi, akaniambia, "Dada, mkono usioweza kuukata, ubusu." Shule ninayofundisha ilijengwa na Mheshimiwa, na mimi pia nilikuwa naubusu.

Alichora chungu cha tano. Lakini mkono hakuufuta. Vidole vinne vya Kaka Mkubwa vimekaa kwenye kiti cha mweka hazina kwa zaidi ya miaka kumi na minne, na yeye mweka hazina amekuwa mtu wa mikono mitatu. Hakuna aliyegundua. Watu wakiingia ukumbini humtazama aliye katikati, halafu hutazama mlango.

Ndoa nimeiruka, nisameheni. Nilitaka kuyapita hayo kabla ujasiri haujaniishia. Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na wifi yangu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili. Nyumba walipewa na Mheshimiwa kama zawadi ya harusi. Hati yake hatujawahi kuiona. Asubuhi ya leo nilimwonyesha wifi karatasi hizi, akazisoma zote, akasema, "Soma, wifi. Cherehani inabebeka."

Oktoba mwaka jana mapafu ya marehemu yalianza kumsumbua. Mheshimiwa alimlipia chumba cha peke yake hospitalini, na kwa hilo pia tunashukuru. Lakini kila kikapu cha matunda kilipoletwa kutoka ofisini, marehemu alinikamata mkono.

"Wameuona? Umepita ukumbini leo?"

"Nimepita. Bado upo."

Hapo ndipo alipoweza kulala. Aliuogopa mkono ule kuliko kifo, na hata hivyo hakuniomba nikaufute. Siku mbili kabla ya mwisho aliniambia, "Mimi nilimfuta kaka kwa sababu niliogopa. Na wewe utaogopa. Siku ya kunizika, msome hivyohivyo." Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Kesho yake alikuja nyumbani karani wa ofisi, na pole mdomoni na kalamu mfukoni. Aliusoma wasifu huu hadi mwisho, akakata aya kadhaa, na kwenye orodha ya waliobaki akamkata mtu mmoja. "Ni kwa faida yenu, mwalimu," alisema. "Msije mkaambiwa fadhila ya punda ni mateke." Alichokiacha ndicho kilichochapwa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na kaka mmoja. Narudia: kaka mmoja. Amesafiri siku mbili, na yupo kule nyuma karibu na geti, kofia mkononi. Nilimuuliza alfajiri kama nimsome au nimwache salama. Akasema, "Nisome, mdogo wangu. Nimechoka kuwa maua."

Safu ya familia ina viti vitano. Kimoja tulikiacha wazi, na vijana wa ofisini, bila kujua, wamekiwekea chungu cha maua. Naomba mtu akiondoe chungu hicho. Naona hakuna anayenyanyuka, na siwalaumu. Basi nitakiondoa mwenyewe, nimeshamaliza kusoma.

Kaka, njoo ukae. Na yeye apumzike kwa amani.