Mzee Kikopo na Kilima cha Hospitali

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za vyombo hapo jikoni, tumkumbuke fundi wa magari aliyetutoka wiki iliyopita. Sote tulimwita Mzee Kikopo.

Kikopo chenyewe kilikuwa kwenye gari lake la kizamani. Tangi la petroli lilikuwa nyuma, chini kuliko injini, na petroli haipandi yenyewe. Basi karibu na injini kulikuwa na kikopo. Injini ikivuta hewa, kikopo kinanyonya petroli kutoka nyuma, kisha kinaiteremsha kwenye kabureta. Lakini ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, mvuto unakufa. Narudia: ukikanyaga mpaka mwisho, mvuto unakufa. Kikopo kinakauka, gari linazima.

Dawa yake ni kuachia mafuta kidogo, palepale mlimani, gari likiwa limeelemewa. Nani ana moyo huo?

Binti yake, fundi cherehani, hakuwa nao. Mzee alimfundisha kuendesha kwa kunyanyua kidole. Kidole kikipanda, mguu nao upande, uachie mafuta.

"Gari hili ni kama mama yako," alimtania. "Ukilikaba, halikupi kitu."

Mama alimrushia kitambaa, wakacheka.

Wiki iliyopita hawakucheka. Mzee alibanwa na kifua akiwa chini ya gari la mteja. Gari zima pale gereji lilikuwa lile lake tu. Binti akashika usukani, baba kando yake, mama nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha. Kilima cha hospitali kilikuwa kinateleza, breki ya mkono haiaminiki, na pembeni kuna korongo.

Katikati ya kilima injini ikaanza kukohoa.

"Kanyaga, mwanangu, kanyaga!" mama alilia.

Binti akakanyaga. Injini ikazidi kukohoa.

"Nilijua kabisa natakiwa kuachia," ameniambia. "Mguu ulikataa. Niliona nikiachia tu, tunarudi nyuma wote watatu, baba anafia korongoni kwa mkono wangu."

Akamtazama baba. Macho ameyafumba, jasho linamtiririka. Juu ya goti, kidole kimoja kikapanda.

Akaachia. Gari likapunguza mwendo, likapunguza tena, mama akapiga ukelele. Kisha kikopo kikagugumia, injini ikashika, wakapanda.

Walifika getini injini ikinguruma.

"Nikamwambia, baba, tumefika," anasema binti. "Kidole kilikuwa kimeshalala."

Kwa mjane na kwa binti, poleni sana. Mzee alipenda kusema, kawia ufike. Sisi tuliobaki, hofu ikitushika, tutazame mguu wetu uko wapi.

Binti bado anakiogopa kilima kile. Gari liko kule juu, getini, na hajalifuata. Wewe jirani yake unayenisikia, mpitie kesho. Panda naye, ukae kwenye kile kiti cha pembeni.