Ukuta wa Kina Remo Umefanya Tumbo

Benchi letu hapa Pradoro limeegemea kanisa, na ukikaa unatazamana uso kwa uso na nyumba ya kina Remo. Ilianguka zamani, ikaota miti ndani. Mwaka huu Remo kawapa wanafunzi wa kigeni waisimamishe, wale waliokuja huku Alpi kusomea ujenzi wa mawe matupu bila saruji. Mwenyewe kachoka kuishi kwa mwanawe bondeni, ghorofa ya sita, akiwasha kiko anafukuzwa. Kiangazi hiki kajibanza kwa Kengele, anataka alale kwake kabla theluji haijashuka. Basi jana asubuhi huyo Kengele kaja na birika la kahawa yenye tone la grapa, ile pombe kali ya zabibu, hata hatujamimina, tukaona wanafunzi wanaubomoa ukuta. Ule ule walioujenga wenyewe, na huku wanacheka.

— Ni macho yangu, au ukuta unashuka? aliuliza Remo.

— Unashuka, alisema Kengele, mpiga kengele wa kanisa, asiyejua kunong'ona.

— Ndo mgeni njoo mwenyeji apone hiyo. Mimi nishalazwa.

— Wanatafuta dhahabu ya bibi yako, alisema Posta. Huyu alipeleka barua bonde zima, na siri asiyoijua huibuni.

— Bibi yangu alikuwa na kuku wawili na kikohozi.

— Wenye dhahabu wote husema hivyo.

— Dhahabu wapi, alidakia Kengele. Yule binti mrefu, Femke, katoka Uholanzi. Kule hakuna jiwe hata la kumtupia mbwa. Wanayabeba. Mwakani mtasikia Uholanzi wana mlima.

— Watauweka wapi, kwenye maji?

— Labda ni mtihani, nikasema mimi. Unajenga, unabomoa, unapewa cheti.

— Cheti cha kubomoa nyumba ya mtu?

— Mbona mjini wenye nacho wamejaa.

Posta akasogea, akashusha sauti.

— Sikilizeni. Chini ya ile nyumba inapita reli ya siri ya kwenda Uswisi. Usiku naisikia inanguruma.

— Huo mkoromo wa mkeo.

— Mke wangu analala upande wa kanisa.

— Basi reli inapita chini ya kanisa.

Tulicheka mpaka grapa ikanitokea puani. Remo naye alicheka, kisha akanuna.

— Chekeni tu. Ukuta usiposimama hakuna paa, na theluji ikishuka anayerudi ghorofa ya sita ni mimi.

— Usijali, ndugu yangu, haba na haba hujaza kibaba.

— Wanapunguza wale, we Kengele, hawajazi.

— Basi usipoziba ufa...

— Usipoziba ufa nini?

— Mwisho wake umenitoka.

Hapo Femke akaja, kakumbatia jiwe la mviringo kama mtungi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Mbona mnanibomolea? aliuliza Remo.

— Ukuta umefanya tumbo, mzee, umevimba katikati. Tunaurudia, na theluji tutaiwahi. Ila humu kuna mawe mengi hatukuyaweka sisi. Kila siku yanazidi.

Huku kwetu hupiti penye nyumba inayojengwa ukaacha kuweka jiwe lako, maana ni kumnyima mwenye nyumba baraka. Nasi tunapita pale asubuhi tukija, mchana tukienda kula, jioni tukirudi, na Posta hupita hata akienda kukojoa.

— Hili ndilo lililoharibu kabisa, alisema Femke. Lilikuwa chini, kwenye kona, linabingirika. Hatutaki kumkosea mtu adabu. Nani aliliweka, tumwombe ruhusa tulitoe?

Kengele alichungulia ndani ya birika. Posta alifunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Mimi nikatazama mlima. Jibu tulikuwa nalo sote, maana tulisaidiana kulipandisha kutoka mtoni wanafunzi hawajaamka, na mwenyewe alilibusu kabla ya kuliingiza pale chini.

— Labda mbuzi, alisema Remo mwishowe, akanyoosha mikono miwili apewe jiwe lake.