Plau, Maksai na Zamu za Eustaki Polikarp

Wazee shikamooni, na ninyi mliotoka Namanyere na mvua hii poleni na safari. Familia imenituma mimi, Modesti, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na mtanivumilia nikitabasamu, maana moyo wangu leo umetulia kuliko nilivyotegemea.

Kaka yangu Eustaki Polikarp alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Mpui, akaanza shule hapa hapa mwaka 1947, akamaliza sekondari mwaka 1959, na tarehe 9 Januari 1965 akafunga ndoa na Hilaria kanisani Sumbawanga, wakajaliwa watoto watano. Mwaka 1966 aliajiriwa Dar es Salaam, na kuanzia 1968 hadi 1970 akapelekwa Ulaya kusomea kompyuta, hasa ile programu kuu inayoigawia mashine kazi, yaani nani atangulie, nani asubiri, na wengi watumieje kitu kimoja bila kugombana.

Mwaka 1974 mashine ya ofisi yake ilisimamishwa, akarudi na sanduku la vitabu wakati kijiji chetu cha ujamaa kinaanza, watu wakamcheka kwamba amesomea mashine isiyokuwepo, na tusifichane, ilimuuma. Akapewa kazi ya kugawa plau moja na jozi moja ya maksai kwa kaya ishirini.

Desemba 1975 aliandika orodha mbili, ya plau peke yake na ya maksai peke yake. Mzee Oswaldi akapata plau, mama Bertilla akapata maksai, kila mmoja akang'ang'ania alichonacho akingoja cha mwenzake, na siku tisa za mvua zikapita shamba halijaguswa. Marehemu alijishika kichwa, kwa sababu kosa hilo hilo ndilo alilofundishwa Ulaya kuliepuka.

Akachana orodha zote mbili, akaweka utaratibu ambao hata watoto wetu wanaujua, kwamba asiyeweza kupata vyote viwili asishike hata kimoja, jua likifika utosini unaachia hata ukibakiza mstari mmoja, unarudi nyuma ya foleni, na aliyerukwa mara mbili anawatangulia wote, mwenyekiti akiwemo. Mama Zita, mjane aliyekuwa akilima wa mwisho kila mwaka, naye yuko hapa, safari hiyo alipanda mapema, na mwenyekiti alinuna wiki nzima.

Novemba 1983 figo zilimlaza hospitalini Sumbawanga, mvua zikaanza, na kilichomtesa zaidi ni hofu kwamba bila yeye tutarudia ugomvi na kazi yake itakuwa bure. Tarehe 20 Desemba nilimpelekea habari kwamba kaya zote zimelima, akauliza ni nani aliyemuulizia palipokuwa na utata, nikamwambia ukweli kwamba hakuna hata mmoja. Nilidhani ataumia. Alicheka mpaka muuguzi akaja, akasema sasa kazi imekamilika, na Hilaria ni shahidi, akapata usingizi alioukosa mwezi mzima. Alifariki tarehe 11 Januari 1984, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa Dar es Salaam kwa barua yao, na majirani mliochimba kaburi. Maksai waliovuta mkokoteni wenye jeneza lake kutoka barabarani asubuhi hii walirudishwa kwa mwenye zamu jua lilipofika utosini, na hiyo ndiyo heshima aliyoitaka.

Kaka, shambani hakuna atakayekuulizia, ila nyumbani tutakuulizia kila siku. Pumzika kwa amani.