Shule Itafunguliwa Siku ya Kura

Mheshimiwa Mbunge wetu, Trilok Kathait, uliyepanda mlima wetu leo kwa miguu yako mwenyewe na bado unahema. Bwana Nautiyal, Ofisa Elimu wa Wilaya. Mwenyekiti wa kijiji, shemeji yangu Bhopal Singh. Wapiga ngoma mliowapokea wageni tangu kule mtoni. Akina baba mliokaa vitini. Akina mama mliokaa chini ingawa viti vingine viko wazi. Na ninyi wanafunzi wangu saba, ambao ndio shule nzima: nawasalimu nyote, mwenye cheo kwa cheo chake na asiye na cheo kwa jina lake.

Nimevishwa shali. Nimevishwa maua shingoni mpaka sioni miguu yangu. Kisha Mwenyekiti akaninong'oneza, "Shemeji, dakika tano tu, Mheshimiwa ana mkutano mwingine." Bhopal, nimefundisha hapa Silkoti miaka thelathini na moja. Ungetaka dakika tano, ungenivisha nusu ya shali.

Nimeombwa niseme mambo mazuri, kwa kuwa hii ni sherehe ya kuniaga na sherehe haitaki nuksi. Basi nianze na sifa za serikali, maana kuna siku moja ambayo serikali yetu hufanya kazi vizuri kuliko serikali yoyote duniani. Siku hiyo ni siku ya kupiga kura.

Ndugu zangu, sheria inasema raia asitembeshwe mwendo mrefu kwenda kupiga kura. Kwa hiyo serikali hututembelea sisi. Hakuna barabara, inakuja kwa miguu. Mto umejaa, inavuka kwa kamba. Huja na nyumbu watano, askari, makarani na mashine ya kura iliyofungwa kama bibi harusi. Na kwa sababu kituo cha kura ni shule hii, na kituo cha kura lazima kiwe na huduma zote kwa mujibu wa maagizo, basi siku moja kabla mkandarasi hufika na kuipamba shule yangu. Anaweka tangi la maji safi. Anaweka taa. Anaweka turubai la kivuli, sanduku la dawa na mtu wa kulilinda. Anajenga hata njia ya mteremko kwa ajili ya wenye viti vya magurudumu, ingawa Silkoti hakuna mwenye kiti cha magurudumu, kwani hakuna barabara ya kukileta. Na nyuma ya darasa anasimamisha choo cha mabati chenye mlango, komeo na ndoo yake.

Mara ya kwanza watoto walishangilia. Walikunywa yale maji mpaka matumbo yakajaa, wakaingia chooni kwa zamu hata wasiokuwa na haja. Kesho yake mkandarasi akaja na nyumbu wake, akang'oa vyote, akapeleka kijiji kinachofuata. Mtoto mmoja wa darasa la pili akanivuta sari, akaniuliza, "Mwalimu, uchaguzi mwingine lini?" Nikamwambia baada ya miaka mitano. Akahesabu kwa vidole, akaona atakuwa ameshamaliza shule. Nililia siku ile, wala sioni haya kuwaambia.

Bwana Nautiyal, unajua shule isiyo na choo inawafanya nini wasichana? Wanakwenda nyuma ya matuta ya mashamba. Wakiwa wadogo wanakwenda wakicheka. Wakianza kukua wanaacha kunywa maji asubuhi ili wasihitaji kwenda. Baadaye wanaacha kuja. Nimeomba choo kwa maofisa sita waliokutangulia, na kila mmoja alinijibu kwa heshima kubwa kwamba suala langu limepokelewa. Limepokelewa mara nyingi kuliko mgeni yeyote wa wilaya hii.

Mnamkumbuka Bibi Bachuli Devi uchaguzi uliotangulia huu wa juzi? Yupo pale, ameficha uso kwenye mtandio, msimtazame. Asubuhi baada ya kura, mkandarasi alikuja kung'oa choo akakuta komeo limefungwa kwa ndani.

"Nani humo?" akauliza.

"Mimi."

"Toka, bibi, nataka kufungua mabati."

"Fungua mengine kwanza. Mimi sijamaliza."

Alikaa humo mpaka jua likawa la utosi. Wasichana wangu walimpitishia mkate wa ulezi na mboga kwa chini ya mlango. Mwishowe akaitwa msimamizi wa uchaguzi mwenyewe, akasimama mbele ya choo kama anayehutubia.

"Mama, hiki ni choo cha wapiga kura."

"Na mimi si mpiga kura? Jana si ulinipaka wino wewe mwenyewe?"

"Jana ulikuwa mpiga kura, mama. Leo uchaguzi umekwisha."

Ninyi mlicheka, nami nilicheka. Lakini nimefundisha uraia katika shule hii miaka yote hiyo, Mheshimiwa, kitabu kizima chenye picha ya bunge juu ya jalada, na sijapata kuona somo likielezwa kwa ufupi namna ile. Askari wawili wakamtoa, kwa adabu, sina la kuwalaumu. Choo kikashuka mlima juu ya mgongo wa nyumbu na Bachuli akakisindikiza mpaka mtoni, akikitukana.

Basi tukakaa, kijiji kizima, tukaamua kwamba uchaguzi unaokuja hatupigi kura. Hakuna choo, hakuna maji, hakuna daraja, hakuna kura. Tulikula kiapo mbele ya mungu wa kijiji, tukamtundikia kengele mpya hekaluni kwake iwe shahidi. Magazeti yanasema watu wa milimani hawana umoja. Siku ile umoja ulikuwepo. Uchaguzi wa juzi ulipofika, msimamizi mpya alifungua kituo saa moja asubuhi, na hadi adhuhuri hakuna aliyekanyaga ile njia ya viti vya magurudumu isipokuwa mbuzi wa Bhopal.

Nini kilituponza? Nitasema, maana waheshimiwa hawawezi kukielewa na sisi hatuwezi kujizuia. Yule msimamizi alikuwa kijana, mwalimu kama mimi, ametoka bondeni, viatu vimemchubua. Alikuwa mgeni. Saa saba akina mama wakaanza kunong'onezana: wale watu wamekula? Hawajala. Basi mkate ukapelekwa, na siagi, na chai. Tuliwanyima kura lakini tuliwapa siagi. Alasiri kijana akakaa kizingitini akaanza kutokwa na machozi. Akasema, "Nikirudi na mashine tupu wataniuliza nilifanya nini. Watanihamishia mpakani. Nina mtoto wa miezi miwili."

Bachuli ndiye aliyemsikia. Bachuli yuleyule wa chooni. Akasimama, akajikung'uta, akasema, "Mgeni hatoki kwangu mikono mitupu," akaingia akapiga kura.

Nilimfuata, nimepandwa na hasira. "Bachuli, umefanya nini? Na kiapo?"

"Nimempa moja tu, dada."

"Umempigia nani sasa?"

"Nitajuaje? Nilibonyeza kitufe cha juu kabisa, mgongo unaniuma, sikutaka kuinama."

Cha juu kabisa, Mheshimiwa Kathait, kilikuwa chako.

Hivyo kura ya Silkoti ikawa moja, na hiyo moja ikawa yako. Hakuna aliyeandika popote kwamba tumegoma. Kwenye mkutano wako wa ushindi kule mjini, mimi nilikuwepo, nilikwenda kununua chaki. Nilikusikia kwa masikio yangu ukisema, "Kuna vijiji vya mlimani vilivyonipa asilimia mia moja!" Watu wakapiga makofi. Hukusema uongo hata kidogo. Ndicho kilichoniuma.

Kwa hiyo niambieni, ninyi mliosoma. Tulipopiga kura sote, hatukupata kitu, kwa kuwa sisi ni wachache na ushindi wa Mheshimiwa hautoki kwetu. Tulipogoma, hatukupata kitu, kwa sababu ileile. Mtu akiwa na kura lakini hana wenzake wa kutosha, ana nini mkononi? Wananiambia subira, demokrasia ni ya wengi. Sawa. Na wachache ni wa nani?

Naona Bwana Nautiyal anatazama saa. Vumilia, ndugu yangu, nafika kwako.

Ofisa wetu amesema hapa, mmemsikia, kwamba pamoja na kustaafu kwangu shule hii inafungwa. Amesema "inaunganishwa." Watoto wataunganishwa na shule ya Dhungi, ng'ambo ya mto, kwa kuwa wamebaki saba na maagizo hayaruhusu saba. Kisha akatufariji. Akasema, msihuzunike, jengo halitaguswa, litapakwa rangi na kutunzwa, kwa kuwa ni kituo cha kura.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza shemeji yangu, akasema ndivyo. Jengo linabaki kwa ajili ya kura. Watoto ndio wamezidi.

Walikuwa sabini nilipoanza, Bwana Nautiyal. Waliondoka kwa sababu nilikuwa mwalimu mmoja wa madarasa matano. Na huyo mmoja mlimtuma kuhesabu watu, kuhesabu mifugo, kuhesabu vyoo vya nyumba kwa nyumba katika kijiji ambacho shule yake haina choo, na kusimamia uchaguzi wa vijiji vya wengine. Mwenye uwezo akamhamisha mwanawe mjini. Sasa mnashangaa kwamba waliobaki ni wasio na uwezo.

Nami sikusimama hapa kulilia jengo. Kuna mtoto ameketi pale mbele mwenye utepe mwekundu kichwani. Simama, Saruli. Huyu ni mjukuu wa Bachuli, yuko darasa la nne. Anasoma gazeti lililofungiwa sukari, anasoma maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea, anamsomea bibi yake barua za shangazi na kuruka matusi. Katika miaka yangu yote sikupata mwingine kama yeye. Kaa, mwanangu.

Wiki iliyopita nilimkuta baba yake, Dilwar, kwenye chemchemi. Dilwar, samahani, nitayasema mbele ya watu.

Nikamwambia, "Dilwar, Saruli ataanza Dhungi mwezi wa saba?"

Akasema, "Mwalimu, mwezi wa saba mto ule unabeba nyati. Na chui je? Mwaka jana alimchukua mtoto wa watu palepale kwenye kivuko."

"Na kaka yake?"

"Huyo nimemtafutia nafasi kwa mjomba wake, mjini Dehradun. Wawili siwezi."

"Kwa hiyo Saruli?"

"Atakaa na bibi yake. Nyasi za ng'ombe nani atakata?" Kisha akaniangalia, akasema, "Usinitazame hivyo, Mwalimu. Mimi nimeifunga shule?"

Dilwar si baba mbaya. Angalau yeye ameona aibu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mbele ya watu wote hawa nakuomba jambo moja. Sikuombi barabara. Hata choo sikuombi tena. Nakuomba shule ibaki wazi, na kama hakuna mwalimu nitafundisha mimi, bila mshahara, mpaka Saruli amalize darasa la tano. Mwaka mmoja tu. Sahihi yako inatosha, na Ofisa yuko hapo pembeni yako.

Unasema nini, Mheshimiwa? Sema kwenye kipaza sauti, akina mama wa nyuma hawasikii.

Anasema ni suala la ngazi za juu.

Juu ya hapa, Mheshimiwa, kuna theluji tu. Hakuna ofisi.

Haya. Amekwishasema, na nyote mmemsikia. Naona mwongoza nyumbu ameanza kufunga mizigo, nami nimekula dakika za watu. Nakushukuru kwa kuja, Mheshimiwa. Nakushukuru, Bwana Nautiyal, kwa shali, ni ya sufu nzuri. Nawashukuru wazazi mlionikabidhi watoto wenu. Nawashukuru wapiga ngoma.

Na wewe, Saruli, nisikilize vizuri, hili ni somo langu la mwisho. Kesho mlango huu utafungwa kufuli. Usiogope, hautafungwa milele. Utakata nyasi, utasahau herufi moja moja, kwanza zile ngumu, kisha zile rahisi. Halafu siku moja utafikisha miaka kumi na minane, na serikali itavuka mto ule ule uliokushinda wewe, ije ikutafute kwa jina lako. Itafungua darasa hili. Itakuwekea maji, taa na choo chenye komeo. Watakuita "Mama," watakushika mkono, watakupeleka mpaka kwenye mashine. Na ukiona huwezi tena kusoma jina la mtu yeyote pale, usione haya, mwanangu. Hilo wamelifikiria. Pembeni ya kila jina wameweka picha.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho.