Alama ya Makaa Mlangoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Swali lililoninyima usingizi ni hili: nikikubali sindano, je, nimemkana Mungu? Na nikikataa, je, si kumjaribu? Mimi ukinipa swali moja, huzaa mengine hadi asubuhi.

Mnaniona. Nimemaliza chuo kikuu, na urefu wangu bado ni wa mtoto wa shule ya msingi. Tulipokimbia vita Masisi, shangazi yangu aliyenilea alisema nitarefuka tukipata amani. Tukafika Goma, tukakaa mtaa wa Mapendo, sikurefuka. Ndipo kikundi chake cha maombi kikaamua kwamba mifupa yangu imefungwa na laana ya ukoo. Kila baada ya mfungo walinisimamisha kwenye mlango wa kanisa na kutazama kama nimeupita mstari wa makaa waliouchora kwenye mwimo wa mlango, juu ya kichwa changu. Sikuupita. Wakasema imani yangu ni haba.

Kisha risasi zikakaribia mji. Katika kukimbia niliteleza kwenye mawe ya volkano, nikaanguka anguko dogo la mtoto kuinuka akicheka. Mkono wangu ukavunjika.

Hospitalini daktari, mama mmoja mtaratibu, aliniuliza, "Mutoto, mama yako iko wapi?"

"Dokta, mimi niko na lisansi ya biolojia, nilimaliza chuo kikuu."

Alicheka mpaka akashika meza, akaniomba radhi, kisha akaacha kucheka kabisa. Alitaka kujua kwa nini mfupa wa kijana unavunjika kirahisi hivyo. Akapima damu, akapiga picha, akanieleza kwamba tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wangu haitoi homoni ya ukuaji ya kutosha.

Ndugu zangu, homoni hiyo niliijibia mtihani nikafaulu, nisiitafute mwilini mwangu! Mfupa si jiwe. Kila siku kuna chembe zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga upya, na homoni hiyo ndiyo huwahimiza wajenzi. Ikipungua, mtoto harefuki, na mtu mzima mifupa yake hukonda.

Daktari hakunidanganya. Ncha za mifupa yangu zimekwisha kufunga, kwa hiyo sindano hazitanirefusha. Zitailinda mifupa isivunjike tena. Hata hivyo, mwanzoni zitaamsha wabomoaji kabla wajenzi hawajawazidi, ila alisema nisiogope. Niliogopa. Lakini nani amejenga nyumba Goma bila kwanza kuvunja mawe?

Shangazi akasema, "Mutu wa kuchoma sindano anasema Mungu alishindwa."

Nikamwonyesha plasta iliyofunga mkono wangu. "Na hii, shangazi? Wakati walinifunga, si ni wewe ulimushukuru Mungu?"



Jumapili wakaniita mlangoni nipimwe. Nilikataa. Nililowesha kitambaa, nikaufuta ule mstari mbele yao wote. Mmoja akanong'ona kwamba nimefuta muujiza wangu.

Walisema ushuhuda ni wa aliyerefuka. Basi mimi nasimama hapa na urefu ule ule, na ninashuhudia! Nilitoka vitani hai, na Mungu alinikuta kwenye urefu huu huu, hakuhitaji makaa. Namshukuru. Nawe unayepimwa na watu kila Jumapili, mtumaini Yeye, wala usiusogelee mlango wao.

Kesho yake baada ya kuufuta ule mstari, nilikwenda hospitali. Shangazi alinifuata njia nzima, akisema anakuya kuomba tu. Nikapandisha kaptula, nikamwonyesha muuguzi paja, nikamwambia achome.